Salamu ya Asubui Kutoka Canada

Hoteli ya Mama Sofia ilijengwa kwa ajili ya watu wanaoondoka. Iko Beni, pembeni ya barabara inayoenda uwanja wa ndege, na wageni wake wanafika jioni na masanduku yaliyofungwa kamba, wanakula kuku, wanalala nusu usingizi, na asubui wanaenda zao. Ndege ndogo inawafikisha Entebbe. Kule, jua likisha kuzama, ile ndege kubwa inawabeba usiku kucha juu ya bahari mpaka kwa Wazungu. Hakuna mutu aliyepata kulala pale mara mbili. Mama Sofia mwenyewe alizoea kusema: "Kwangu hapa mutu anaachaka mashuka tu."

Falonne ndiye aliyekuwa akiyafua yale mashuka.

Asubui ile alikuwa uani, povu mpaka kwenye viwiko, kitenge amekifunga kifuani. Kilikuwa kitenge cha bluu chenye maua meupe, kile wamama wa kanisa kule Vulamba, kwao Butembo, walichonunua wote pamoja siku ya kumuaga. Alikivaa upande wa nyuma uko inje, maua yafifie, mupita njia asije akakitambua. Mashuka yaliyokwisha kufuliwa yalikuwa yamejaa kwenye kamba. Kwa nyuma yake alisikia lori inaingia kwa kinyumenyume, na mwanaume anaita.

"Mama Sofia! Magodoro yako yamefika. Leo utanipa chai ao utanipa maneno?"

"Chai iko, maneno pia iko! Shusha kwanza."

Sauti ya mutu uliyempenda haipitie sikioni. Inapitia mugongoni. Falonne aliganda, shuka mukononi, maji yanamwagika juu ya miguu yake. Kasimu! Barabara hii yote, malori yote haya, kwa nini Kasimu?

Alijisogeza katikati ya mashuka kama mutoto anayejificha ndani ya nguo za mama yake. Lakini upepo wa Beni hauna huruma. Uliinua shuka moja, na macho yao yakakutana.

Kasimu alikuwa na godoro kichwani. Alisimama. Alimutazama usoni, akatazama mikono yake yenye povu, akatazama kile kitenge kilichogeuzwa. Kisha akashusha macho chini, polepole.

"Unisamehe, mama," alisema. "Nimekufananisha na dada mumoja wa Butembo. Mais ule alishaendaka Canada."

Akageuka, akaendelea na godoro lake.

Falonne alibaki akipumua. Ameponyeka! Hakumutambua! Lakini moyo wake ulijua kabla akili haijajua: mutu aliyekuwa akitambua mwendo wake kutoka mbali, kule sokoni Bulengera, angekosa vipi kutambua uso wake? Alimutambua vizuri. Amemufungulia mulango tu, apite bila kuulizwa. Na huruma ile ilimuchoma kuliko matusi.

Kasimu aliporudi kuchukua godoro lingine, alimukuta amesimama njiani.

"Kasimu. Ni miye."

"Najua ni weye."

"Basi sema kitu. Ucheke hata."

"Nicheke nini? Kitenge umekigeuza, na uso nao umegeuza." Aliegemeza godoro ukutani. "Canada imehamia Beni siku gani? Sisi ba shofere hatukupata habari."

Falonne alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Alikumbuka siku ile ya kuondoka, magari mawili yamejaa wamama wanaoimba, papa yake amevaa koti katikati ya joto la Beni. Kasimu alikuja mbele ya hoteli hii hii kumuaga. Amechana nywele, amevaa shati safi. Na yeye Falonne, kwa kuwa papa yake alikuwa akitazama, alimupa ncha za vidole tu na kusema: "Merci, papa shofere." Mwanaume ambaye alikuwa akimuita kwa jina mwaka muzima! Wamama walicheka. Kasimu pia alicheka, kisha akaenda.

"Ézéchias, ule bwana wa Canada, alinipigia simu asubui yake, ba mama balishaenda," Falonne alisema sasa, akitazama povu lake. "Nilikuwa nimeisha kuvaa viatu. Akasema nisipande ndege. Yuko na bibi kule, na batoto. Akaniomba nimusamehe, tena ninyamaze kwanza, mpaka atapata namna ya kuambia bajomba yake kule Kanyabayonga."

"Na unanyamaza mpaka leo?"

"Siku ya pili jioni mama akaniuliza: umefika? Nikasema: nimefika." Aliokota shuka, akalikamua. "Neno moja tu, Kasimu. Nilifikiri kesho yake nitalirudisha. Kesho yake ba mama ba kanisa bakatuma salamu, papa akanisifu mbele ya jirani yote. Namba ya WhatsApp ni ile ile, hakuna mutu wa kushuku. Bakitaka picha ninasema réseau, ule mutandao, ni mubaya. Neno likaota mizizi."

Kule jikoni Mama Sofia alikuwa akigonga sahani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa mwanamuke wa kuheshimu siri, ila alipenda kuzisikia.

Simu ya Falonne ilianza kulia juu ya jiwe, pembeni ya sabuni. Mama. Mama Virginie hakuzoea kupiga asubui. Yeye alipigaka jioni, kazi zikiisha. Falonne alishituka kwamba kuna mugonjwa. Aliweka kidole mdomoni kumunyamazisha Kasimu, akapangusa mukono, akapokea. Na kwa kuwa alikuwa mutoto aliyelelewa vizuri, na mutoto wa Kinande hangojei muzazi atangulie kusalimu, akasema mbio mbio:

"Wavukire, mama!"

Kule ngambo kukawa kimya.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia," alisema mama yake polepole. "Umesema wavukire."

"Ndiyo, mama."

"Ile ni salamu ya mutu anaamuka, Falonne. Mutoto wa jirani Élise naye yuko Canada. Akimupigia mama yake asubui yetu, anamuambiaka wasibire, juu kwao siku ilishaisha. Élise njo aliniambia: saa hii, huko kwa batoto betu ni usiku katikati. Nikasema, basi leo nimuite saa hii. Akijibu na usingizi, nitajinyamazia." Mama alipumua. "Jua liko wapi kwenu, mwanangu?"

Falonne aliinua macho. Jua lilikuwa limepanda juu ya mikakao ya nyuma ya ukuta, jekundu bado, linaanza kukausha mashuka ya watu wengine. Angeweza kusema tena neno lingine. Lilikuwa tayari juu ya ulimi. Kasimu alikuwa amesimama pale, anatazama mbali, lakini hakuondoka.

"Liko hapa, mama. Ni hili hili lenu."

"Uko wapi?"

"Beni."

"Beni gani?"

"Beni ya kwetu, mama. Kwa ile hoteli mulinisindikiza."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Mama Virginie alitoa sauti ndogo, kama mutu aliyekanyaga mwiba na hataki jirani asikie. "Na miye nilikuwa nakuambia uvae soksi mbili! Nilikuwa naamuka kuombea ile baridi isikuuwe!"

"Mama, unisamehe. Ézéchias alinikatala. Niliona haya."

"Haya ya nani? Yako ao ya Ézéchias?" Swali lile Falonne hakuwahi kujiuliza. "Sikia, mutoto. Leo ni siku ya posho. Kesho, siku ya Mungu, papa yako ameomba misa ya shukrani. Padri atasoma jina lako na la ule kijana mbele ya batu bote. Ba mama banapika. Papa yako ametoa mbuzi, tena ile kubwa, amesema mutoto wangu amefika. Sasa miye nifanye nini? Nipige magoti pale na nijue ni uongo?"

Falonne alishika kamba ya mashuka. Kumudanganya mama kwa simu lilikuwa jambo moja. Kumuacha papa yake asimame mbele ya altare, amevaa lile koti, amushukuru Mungu kwa kitu ambacho hakipo! Akikaa kimya mpaka kesho, hatarudi Vulamba tena maisha yake yote. Atakuwa mutu wa Canada mpaka kufa, hapa Beni, kwenye povu.

"Nimuambie papa yako?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Usimuambie."

"Falonne!"

"Nakuya mwenyewe. Leo. Atasikia kwa kinywa yangu."

"Utaweza?"

"Sijui, mama. Mais nakuya."

Simu ilipozimika, Falonne alijipangusa uso kwa mukono wenye sabuni, macho yakawasha, na hiyo ikampa sababu ya kulia bila kuona haya. Kasimu alichota maji kwa kikombe, akamupa anawe. Hakumugusa. Alishika kile kikombe mpaka akamaliza.

"Lori yako inarudia Butembo leo?" alimuuliza.

"Nikishusha magodoro. Inarudi tupu."

"Unibebe."

"Panda."

"Hapana mbele. Kule nyuma, na unifunike na bâche, ile turubai. Tufike jioni, unishushe kwa njia ya chini, nipite shambani mpaka nyumbani. Nitaongea na papa. Batu bengine batasikia polepole."

Kasimu aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza uso wake ulipata hasira.

"Bâche ni ya mizigo. Miaka yote hii ninafunika saruji, ninafunika magodoro, ninafunika vitunguu. Mutu sifunikake."

"Kasimu, nakuomba. Haujui ile midomo ya Bulengera!"

"Miye sijui? Walinicheka miezi mizima! Papa shofere anakuya, papa shofere ameachwa na ndege!" Alisema kwa kuiga sauti za wamama, na Falonne alitamani ardhi imumeze. "Nilipita katikati yao kila siku na lori yangu. Hakuna kitu kilinivunjika. Kama unapanda, unapanda mbele, mchana, na kioo wazi. Kama hapana, ngoja bus."

Mama Sofia alitokea mulangoni na chai, kama vile hakusikia lolote.

"Weee, Falonne! Nimesikia unaenda?"

"Ndiyo, Mama Sofia. Na mashuka bado hayajakauka."

"Mashuka yatakauka, hayahitaji mutu wa kuyalinda. Wewe njo ulikuwa unaanza kuoza hapa." Alimutazama juu mpaka chini. "Mais haupande gari ya mutoto wetu na nguo ndani-inje kama mutu wa kuomboleza. Kuja huku."

Chumbani alimusaidia kukifunga kitenge upya, maua inje. Falonne aliona aibu hata kwa maua.

"Mama Sofia, ulijua?"

"Mutu mwenye kungoja ndege anatazamaka juu," alisema yule mama, akikaza fundo. "Wee, tangu wiki ya kwanza, unatazama chini. Nilijua. Nenda, binti yangu. Na ukipata nafasi, umuangalie yule kijana. Si kwa huruma. Umuangalie tu."

* * *

Barabara kutoka Beni inapanda kuelekea baridi. Mikakao inabaki nyuma, migomba inakuja, kisha vilima na mashamba ya maharagi. Kasimu aliendesha, macho mbele. Mukono wake mumoja kwenye usukani, mwingine kwenye vitesse, ile gia, na kila alipobadilisha, vifundo vya vidole vyake vilipita karibu na goti la Falonne na kurudi. Karibu tu. Falonne alitamani vikosee njia.

"Papa yangu alikuambia nini, siku ile ulikuya nyumbani?" aliuliza mwishoni. "Hakuniambiaka."

"Alinipa kiti. Alinipa maji. Akasema: kijana, unaonekana mutu muzuri, mais musikiti na kanisa havilalake nyumba moja."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema, papa, hakuna shida, miye na lori yangu tunalalaka inje."

Falonne alicheka. Kicheko kilimutoka bila ruhusa, na alipokisikia akaona haya, kama amecheka kwenye matanga. Kasimu pia alitabasamu, kidogo, akitazama barabara. Kisha tabasamu likazimika.

"Usifikiri nakupeleka ili nikuoe," alisema.

"Sikufikiri."

"Nakuambia tu. Ulisema merci papa shofere, na nikaenda kulala ndani ya cabine siku mbili bila kula. Bado nakupenda, sitadanganya, mimi sijui kudanganya na simu." Alibadilisha vitesse. "Mais sitakuwa ndege ya pili. Ya kwanza ikikosa, batu banapanda ile inabakia. Miye siyo ile inabakia."

Maneno yale yalimuingia Falonne sawasawa, kila moja mahali pake. Aliangalia mikono yake iliyokunjamana kwa sabuni. Angetaka kumuambia kwamba kule uani, akikamua mashuka ya wageni, jina alilokuwa akilitamka chini chini halikuwa la mutu wa Canada. Lakini leo neno lile lingefanana na nauli. Akalimeza.

"Sikukuomba unioe," alisema. "Nilikuomba unifunike."

"Na nimekatala. Leo sina kingine cha kukupa."

"Kinatosha."

Kasimu aligeuza kichwa, akamutazama muda mrefu kuliko barabara ilivyoruhusu. Lori ikaruka shimo, wote wawili wakagonga vichwa juu, na hakuna aliyesema pole.

Waliingia Butembo mchana kweupe. Bulengera ilikuwa imejaa: siku ya posho, watu wametandaza viazi na makabichi mpaka kwenye barabara, pikipiki zinapita kama samaki. Kasimu alipunguza mwendo. Moyo wa Falonne ulianza kumupiga mpaka masikioni. Kioo kilikuwa wazi, kama walivyopatana, na mukono wake ulikuwa tayari juu ya kile kipini cha kukifungia.

Hakuchelewa kuonwa. Mwanamuke mumoja mwenye kapu la vitunguu kichwani alisimama katikati ya njia. Alikuwa Joyeuse, mwimbishaji wa korali, yule aliyeimba kuliko wote siku ya kumusindikiza.

"Falonne?" Alikaribia, akashika mulango wa lori. "Falonne wa Canada? Siyo weye! Umekuya kwa misa? Bwana yako iko wapi?"

Wamama watatu, wane, waligeuka. Kapu likashuka. Kicheko cha furaha kilikuwa kinaanza kupanda, kinangoja tu neno lake. Kasimu alisema kwa sauti ya chini, macho mbele: "Nipite?" Mguu wake ulikuwa tayari. Angepita, kama angeambiwa.

Falonne aliondoa mukono kwenye kipini.

"Sikufikaka Canada, da Joyeuse," alisema, na akashangaa kwamba sauti yake inasikika. "Nilikuwa Beni. Bwana alinikatala mbele ya kupanda ndege, na nikabadanganya ninyi bote. Nilikuwa nafua mashuka ya hoteli."

Kisha mutu mumoja kule nyuma akapasuka: "Weee! Canada ya Beni!" Na kicheko kikaenda kutoka kapu moja mpaka lingine, kama moto kwenye majani makavu. Joyeuse hakucheka. Alikuwa amefungua mdomo tu.

"Yezu Maria. Na misa ya kesho je? Mbuzi walishachinja!"

"Mutakula," alisema Falonne. "Naenda kuambia papa. Akitaka, padri atasoma jina langu peke yake."

Uso ulimuwaka mpaka kwenye shingo. Machozi yalikuwa karibu, lakini hakuyafuta na hakuyaficha. Joyeuse aliuachilia mulango. Kabla ya kusogea, alinyoosha mukono akamugusa kiwiko, haraka, kama mutu anayegusa sufuria kuona kama bado ni moto.

Kasimu aliingiza vitesse. Mbele yao barabara ya kwenda Vulamba ilikuwa imejaa watu wanaotoka kwenye maduka, wameisha kusikia, wanasimama pande zote mbili kutazama.

"Nikimbize?" aliuliza.

"Hapana," alisema Falonne. "Endesha polepole. Banione."